Reli Yangu ya Kadibodi na Wanaonisubiri

Kwa jina la Allah, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Kiyama. Amma baad.



Nilipoombwa kuandika nasaha katika toleo hili nilitaka kukataa. Nasaha hutolewa na aliyefaulu, nami katika jambo hili nimefeli hadharani, na baadhi yenu mlikuwepo mkiona. Lakini Ustadh wetu aliniambia kwamba mgonjwa aliyepona nusu anaweza kumwelekeza mwenzake njia ya hospitali. Basi naandika, na maneno haya nayaelekeza kwa nafsi yangu kabla sijayaelekeza kwenu.

Jambo lenyewe huenda likawachekesha. Mimi hutengeneza treni ndogo. Si za kununua. Hizo bei yake ni ada ya muhula. Zangu nazitengeneza kwa kadibodi, waya, gundi na vipuri vya redio mbovu ninazookota Owino. Hosteli, chini ya kitanda changu, kuna ubao wa mita 2 wenye stesheni, kilima cha magazeti yaliyolowekwa, na reli ya waya ambayo mataruma yake ni njiti za kiberiti. Kipimo ni 1 kwa 87, yaani sentimita 87 za kitu cha kweli zinakuwa sentimita 1 kwangu. Kwa kipimo hicho nusu ya njiti inatosha kuwa taruma moja, na mita moja ya reli hula mataruma zaidi ya 120. Kila moja nalikata, nalipaka rangi na kulibandika kwa mkono. Kwenye stesheni yangu sikuweka watu, kwa kujiepusha na ikhtilafu ya wanavyuoni kuhusu sanamu za viumbe vyenye roho.

Chanzo cha yote haya ni babu yangu mzaa mama, mzee wa Tororo. Aliingia kazi ya reli akiwa kijana, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, wakati mtu wa Tororo aliweza kupangiwa Nairobi, Mombasa au Tabora na asionekane mgeni. Kwa miaka mingi alikuwa fayamani kati ya Nairobi na Mombasa, kwenye injini za Garratt za daraja la 59. Injini hizo zilikuwa 34, zilitengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Katika reli zote za upana wa mita moja duniani hapakuwahi kuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hizo. Urefu wake ni karibu mita 32, na tangi la mvuke limeninginia katikati ya seti mbili za magurudumu, ili injini ipinde kwenye kona na uzito wake usivunje reli. Babu hakuwa akitupa makaa kwa koleo, kwa maana zilichoma mafuta mazito. Kazi yake ilikuwa kulinda moto na maji visizidi wala visipungue. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya zamani, akarudi nyumbani na kisanduku cha mbao na Kiswahili ambacho mpaka leo ndicho lugha ya nyumba yetu.

Nikiwa mwaka wa pili, likizoni, babu alinisimulia safari za usiku kupita Tsavo, nami nikamwahidi: "Babu, nitakutengenezea Garratt yako."

Ahadi ilikuwa nzuri. Nia ilikuwa nzuri. Na kazi yenyewe, ndugu zangu, ilikuwa na faida. Ilinifunza subira ambayo sikuwa nayo. Ilinitoa kwenye simu. Usiku ambao zamani ningeumaliza nikitazama video moja baada ya nyingine, sasa nilikuwa na kisu, rula na kipande cha kadibodi, na moyo umetulia. Nayasema haya ili asije mtu akadhani kwamba nimekuja kuwaambia kuwa kila burudani ni upotevu. La.

Sasa sikilizeni jinsi neema inavyogeuka.

Kwanza ilikuwa Alfajiri. Nilikuwa nakaa mezani mpaka saa nane za usiku, kwa sababu gundi ikishashika huwezi kuacha kipande nusu. Adhana ilikuwa inanipita nikiwa nimelala kama gogo, kisha naamka jua limechomoza, naswali kwa haraka na aibu. Siku ya kwanza nililia. Siku ya kumi sikulia tena. Ndugu zangu, iogopeni siku ambayo machozi hayaji.

Kisha yakaja masomo. Nilifeli somo la saketi za umeme. Chumbani nilikuwa nimeunganisha mota na nyaya za treni yangu bila kosa hata moja, lakini kwenye karatasi ya mtihani sikuwa na la kuandika, kwa sababu wiki mbili zote za maandalizi zilikwenda kwenye paa la stesheni.

Kisha ikaja amana yenu. Wengine mtakumbuka siku ile ya Ramadhani ambapo futari ilikuwa bila tende. Mimi ndiye niliyepewa pesa nikachukue tende na maji sokoni kabla ya Alasiri. Nilikaa mezani "dakika tano tu" nimalizie bomba la moshi. Niliponyanyua kichwa mwanga ulikuwa umeshabadilika dirishani. Nilifika msikitini watu wameshaswali Magharibi, na wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, waliokuwa wakifunga mbali na mama zao kwa mara ya kwanza, walikuwa wamefuturu kwa maji ya bomba. Hakuna aliyenigombeza. Mmoja alinipokea mfuko akasema, "Jazakallahu khayran, kaka." Neno lile liliniuma kuliko kofi.

Lakini la nne ndilo lililonifanya niandike.

Mwezi wa Shaabani mama alinipigia. Akasema, "Mwanangu, macho ya babu yako yanasumbua. Anajigonga kwenye milango. Nenda umpeleke kliniki, wewe ndiye mwenye nafasi." Akanitumia nauli ya Tororo. Nikasema ndiyo mama, wiki hii. Wiki hiyo sikuenda, kwa kuwa sikuwa nimepata vipimo sahihi vya injini. Mama akapiga tena. Nikasema wiki ijayo. Na wiki ijayo ilipofika, nilichukua ile nauli, nikaongeza akiba yangu, nikapanda basi la usiku kwenda Nairobi, kwa sababu kwenye jumba la makumbusho la reli kule kuna Garratt ya daraja la 59 iliyohifadhiwa, Mount Gelai, na mimi nilitaka kuipima kwa futi yangu mwenyewe.

Nilijiambia: si ni kwa ajili ya babu? Hiyo ndiyo hila ya nafsi. Haikuambii uwaache watu wako. Inakuambia kwamba hiki unachokifanya mbali nao ni kwa ajili yao.

Basi lilikuwa la njia ya Malaba, na njia hiyo inapita Tororo. Tulipita usiku. Sikuwa nimelala. Niliuona mwamba wa Tororo umesimama mweusi, na nikajua kwamba chini yake kuna nyumba ambayo mzee anapapasa ukuta akitafuta kata ya kutawadhia. Sikushuka. Asubuhi nilikuwa Nairobi napima magurudumu.

Nilifika Tororo siku ya Idi, na injini imekamilika ndani ya boksi la viatu. Urefu wake sentimita 36, rangi nyekundu iliyoiva kama zilivyokuwa zile za kweli. Mjomba alikuwa ameshampeleka babu kliniki. Ilikuwa presha ya macho. Daktari alieleza kwamba ugonjwa ule huja kimya kimya kwa miaka, na kwamba sehemu ya macho iliyokwisha kuharibika hairudi. Dawa ni ya kulinda kilichobaki. Na kilichobaki kilikuwa kidogo. Babu aliweza kutofautisha mchana na usiku, na kivuli cha mtu mlangoni.

Sisemi kwamba ningefika wiki zile tatu mapema angekuwa anaona. Hilo analijua Allah, na neno "lau ningefanya" Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha nalo kwa kuwa humfungulia shetani mlango. Nasema tu nilichokiona. Nilimwekea injini mapajani. Akaishika kwa mikono yote miwili. Akaanza kuipapasa kutoka mbele: tangi la maji, kisha bomba la moshi, kisha chumba cha dereva. Akahesabu magurudumu kwa kidole, 14 upande huu, 14 upande ule. Akatabasamu. "Ndiyo yenyewe," akasema. "Rangi gani?"

"Nyekundu iliyoiva, babu."

"Ndiyo yenyewe. Vipimo ulivipata wapi?"

Nikamwambia Nairobi. Akanyamaza kidogo. "Ulipanda basi la njia gani?"

"La Malaba."

"Basi ulipita hapa."

"Nilipita, babu."

Hakunigombeza. Aliendelea kuipapasa ile injini, kisha akanisimulia jambo ambalo katika hadithi zake zote hakuwahi kunieleza. Alisema: "Mjukuu wangu, reli ile ilikuwa njia moja. Kwenda na kurudi, njia hiyo hiyo. Dereva haingii kipande cha mbele mpaka stesheni masta ampe kibali, maana treni mbili zikikutana humo ni msiba. Injini yetu ilikuwa kubwa, hapakuwa na kubwa kuliko hiyo. Lakini siku tunapovuta mizigo, treni ya abiria ikikaribia sisi tunaingia njia ya kando, tunangoja. Hata saa nzima. Hakuna dereva aliyesema kwamba injini yangu ni kubwa, sisogei. Mzigo unaweza kungoja. Watu hawangoji bila kuumia. Kazi yako hii si haramu, na mimi nimeifurahia. Ila njia ni moja."

Kisha akaniomba nimshike mkono nimpeleke kuswali Adhuhuri.

Ndugu zangu, nimekaa na maneno yale miezi mingi, nikarudi nayo kwa waliobobea katika elimu, na nimeona kwamba dini yetu imeyasema kabla ya babu.

Tuanze na wale wanaodhani kwamba dawa ni kuacha kila kitu. Mwenzangu mmoja wa chumbani aliniambia nichome ubao wote, kwamba mtu mzima kucheza na treni ni upuuzi. Nilikaribia kufanya hivyo. Nilishauweka kwenye gunia. Ustadh ndiye aliyenizuia, akanikumbusha kisa kilichomo katika Sunan ya Abu Daud. Mtume (S.A.W.) alirudi safarini, upepo ukafunua pazia, akaona vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha (R.A.), na katikati yake farasi mwenye mabawa mawili ya vipande vya nguo. Akamuuliza ni nini, na farasi gani huyu mwenye mabawa. Bibi Aisha akamjibu kwa kumuuliza kama hajasikia kwamba Nabii Sulaymani alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Hakumpa hotuba.

Na katika Sahihi ya Muslim tunamkuta Handhala (R.A.), aliyetoka nyumbani kwake akilia kwamba amekuwa mnafiki, kwa sababu akiwa mbele ya Mtume huiona Akhera kama kwa macho, na akirudi kwa mke, watoto na shughuli zake husahau mengi. Mtume (S.A.W.) alimtuliza kwa kumfahamisha kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Moyo wa binadamu si chuma. Unahitaji kupumzishwa, na aliyeumba moyo anajua.

Sasa upande wa pili. Yule yule Nabii Sulaymani (A.S.) ambaye farasi wake walimchekesha Mtume, ametajwa katika Sura Swad akiletewa jioni farasi wazuri wenye mbio, akashughulika nao mpaka jua likafichika. Wafasiri wametofautiana katika sehemu za kisa hiki na namna kilivyomalizika, lakini wengi wa mwanzo wamesema ni Alasiri iliyompita, na kwamba alihuzunika sana. Tazama vizuri. Wale hawakuwa farasi wa nguo. Walikuwa farasi wa kweli, wa mfalme mwadilifu, neema kutoka kwa Mola wake, zana za jihadi. Hakuna aliyesema farasi ni haramu. Lakini kitu halali, kizuri, chenye nia njema, kilikaa kwenye njia saa ambayo njia haikuwa yake.

Kwa hiyo farasi wa nguo wa Bibi Aisha hakuwa na kosa, na farasi wa kweli wa Nabii Sulaymani walikuwa neema. Swali halikuwa juu ya farasi. Lilikuwa juu ya saa.

Tena msidhani kwamba jambo hili ni la michezo peke yake. Katika Sahihi ya Bukhari kuna kisa cha Salman na Abu Dardaa (R.A.), ambao Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha undugu. Salman alimtembelea ndugu yake, akamkuta Ummu Dardaa amejiacha bila kujipamba. Alipomuuliza, alielezwa kwamba ndugu yake hana haja na dunia. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake avunje funga ya sunna ale naye, na usiku akamwambia alale, mpaka ilipofika mwisho wa usiku wakasimama pamoja wakaswali. Kisha akamfahamisha kwamba Mola wake ana haki kwake, nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.), alithibitisha kwamba Salman amesema kweli.

Abu Dardaa hakuwa akicheza. Alikuwa akiabudu! Ikiwa ibada ya sunna inaweza kuzidi mpaka ikala haki ya mke nyumbani, mimi na kadibodi yangu tutasema nini?

Hapo ndipo Ustadh aliponipa swali moja la kubeba, nami nawapa nyinyi. Usijiulize tu kama jambo ni halali. Jiulize: wakati nipo hapa, ni nani anayenisubiri? Kama jibu ni hakuna, endelea na ufurahi, na useme Alhamdulillah. Kama jibu ni Mola wangu, kwa kuwa adhana imeshatoka. Au mama yangu, kwa kuwa simu yake sijaijibu. Au kitabu, kwa kuwa mtihani ni kesho na ada imelipwa kwa jasho la mtu. Basi ingia njia ya kando. Treni yako haijafutwa. Imesimama tu.

Wewe huenda huna treni. Una mpira wa Uingereza kila Jumamosi na Jumapili, na kundi la simu la kuujadili Jumatatu hadi Ijumaa. Dada yangu, huenda una mitindo ya nguo, au tamthilia yenye misimu minane. Huenda ni biashara ndogo ya mtandaoni, au hata harakati za jumuiya hii yetu, ambazo mtu huzifanya kwa ajili ya Allah huku akifeli masomo na wazazi wakimsahau sauti. Badilisha jina la treni, njia ni ile ile.

Naeleza niliyoyafanya, si kwa kujisifu, maana bado nateleza. Huenda yakamsaidia mmoja.

Kwanza, nilihesabu. Wiki moja niliandika kila saa yangu kwenye daftari, bila kujionea huruma. Nilikuta saa 23 mezani kwa treni, saa 9 za kujisomea, na dakika 40 za kuzungumza na watu wote wa nyumbani kwetu. Nilidhani treni inachukua "muda kidogo tu wa jioni". Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba watu wengi wamehasirika katika neema mbili, afya na faragha. Mwenye kuhasirika kwa kawaida hajui, mpaka afungue daftari.

Pili, niliifanya swala iwe ratiba. Zamani swala ilikuwa inaingia katikati ya kazi yangu na kuikatiza. Sasa kazi inaingia katikati ya swala mbili. Dakika 10 kabla ya adhana nabandika kipande cha mwisho na kuondoka. Gundi inahitaji muda wa kukauka, na muda huo unatosha kabisa kwenda msikitini na kurudi. Miaka yote ile nilikuwa nakaa naitazama gundi ikikauka, na mlango wa msikiti uko hatua 200.

Tatu, niliiwekea mipaka ya siku. Jumatano na Jumamosi, baada ya Isha, mpaka saa nne na nusu. Ikifika, ubao unarudi chini ya kitanda hata kama behewa lina gurudumu moja. Usiku wa kwanza mkono uliniwasha. Lakini nimegundua kwamba saa mbili zenye mpaka huzaa kazi kuliko saa sita zisizo na mpaka, na Alfajiri nimeanza kuipata tena. Amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu, japo ni ndogo. Mimi nimeona hata kazi za dunia huenda hivyo.

Nne, pesa. Tutaulizwa juu ya mali tuliichuma wapi na tuliitumia katika nini. Sinunui waya wala rangi kwa pesa niliyotumiwa kwa kazi nyingine. Nauli ya Tororo ni ya Tororo. Ile niliyoitumia vibaya nilimkiri mama, nikairudisha kidogo kidogo kwa kuwafundisha wanafunzi wa sekondari hesabu. Aliniambia amesamehe tangu siku ya kwanza. Nilirudisha hata hivyo, kwa sababu toba katika haki za watu ina sehemu ya kurudisha.

Tano, nilitafuta namna ya kuwaingiza watu ndani ya jambo lenyewe. Watoto wa madrasa ya Jumamosi sasa huja na njiti zao za kiberiti baada ya darsa, tunakata mataruma pamoja, na anayehifadhi sura yake ndiye anayeendesha treni. Na kila Ijumaa baada ya swala nampigia babu. Namweleza nilichojenga, naye ananisahihisha: stesheni ile tangi la maji lilikuwa upande wa kulia, si kushoto, pale palikuwa na mti. Haoni, lakini anaijua reli ile yote kwa kumbukumbu, na mimi najenga anachoniambia. Mara moja kwa mwezi nakwenda mwenyewe. Safari ile ya basi sasa nashuka Tororo.

Je, nimeshapona? Wiki mbili zilizopita, usiku wa Jumatano, saa nne na nusu ilipita nikaiona ikipita. Simu ikalia, ni mama. Nikaitazama. Mkono mmoja ulikuwa umeshika behewa lenye gundi mbichi. Nikawaza, nitampigia nikimaliza. Kisha nikaliweka behewa chini, likabanduka, nikapokea. Hakuwa na jambo. Alitaka tu kusikia sauti yangu kabla ya kulala. Tukazungumza robo saa. Behewa nililibandika upya Jumamosi.

Ndugu zangu, umri ni njia moja. Hakuna reli ya pili ambayo tutapitisha kesho yale tuliyoyazuia leo. Allah (S.W.) ameapa kwa wakati katika Suratul Asri, na akatueleza kwamba binadamu yumo katika hasara, isipokuwa walioamini, wakatenda mema, wakausiana haki na wakausiana subira. Mimi nimewausia. Nanyi mkiniona siku moja adhana imetoka na mimi bado nimeinamia ubao wangu, niusieni. Gongeni mlango. Ni haki yangu kwenu.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika nyakati zetu, na usizifanye starehe zetu halali kuwa pazia baina yetu na Wewe, wala baina yetu na wazazi wetu. Warehemu wazee wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Mpe babu yangu, na kila aliyepungukiwa na uoni, nuru katika kaburi lake na Siku ya Kiyama. Tusamehe tuliyoyachelewesha, na utuwezeshe kuyalipa kabla ya kuondoka. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.